Mwitikiaji wa Tunu

Siku binti yangu Tunu aliposhindwa kuitika jina lake kwa mara ya kwanza, shule yake ilipata mahudhurio ya asilimia mia moja. Najua kwa sababu bendera ya mahudhurio ilikuwa imepandishwa kama kawaida, nami niliiona nikiwa njiani kutoka makaburini, viatu vyangu vikiwa bado na udongo. Ni bendera nzuri, ya njano, ina picha ya mkono ulionyooshwa juu. Siku hiyo upepo ulikuwa mwingi na ilipepea vizuri sana.

Sisemi hivi kwa kulalamika. Nchi yetu haina utoro na haijawahi kuwa nao. Siku wageni waliotutawala walipofunga mizigo yao, Rais wetu wa kwanza alisimama uwanjani akauliza, "Mpo?" Watu wakajibu, "Tupo!" Tangu hapo hakuna mtu aliyekosekana kwa namna inayotambulika kisheria. Nchi jirani hutuma wajumbe kuja kujifunza. Wao wana reli, wana bandari, wana dawa hospitalini. Sisi tuna mahudhurio.

Naandika haya kwa sababu naona yameanza kunichanganyikia, na sitaki kusahau yalivyokuwa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi na unafaa kila mzazi aujue. Mtoto akiandikishwa shule anapewa dawati, na katika dawati anapewa mwenzake. Huyo ndiye mwitikiaji wake. Mtoto akipata mafua, jina lake likitajwa asubuhi, mwitikiaji humwitikia: "Nipo!" Lakini Wizara haikutaka udanganyifu. Ikaamua kwamba anayeitika awajibike. Basi mwitikiaji hunywa uji wa mwenzake, huandika kazi ya mwenzake, huimba sehemu ya mwenzake, na mwenzake akistahili fimbo, huipokea. Jioni humrudisha mwenzake nyumbani kwao.

Kwa mafua ya siku mbili tatu ni utaratibu mzuri. Kanuni haikusema lolote kuhusu mtoto ambaye hatarudi, kwa kuwa wakati inaandikwa hapakuwa na mtoto wa aina hiyo.

Mwitikiaji wa Tunu alikuwa Hidaya, mjukuu wa Bi Mwanahawa wa mtaa wa nyuma.

*

Matanga yalipokwisha nilikwenda shuleni kutoa taarifa. Mwalimu Mkuu, Bwana Mlamali, alinipokea vizuri. Alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Baba Tunu. Pole mno. Ubani wetu wa msiba ulifika?"

"Ulifika, Mwalimu. Tunashukuru."

"Mungu amlaze mahali pema. Sasa, kuhusu mahudhurio, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Tunu yupo."

Nilidhani hakunielewa. "Mwalimu, tumemzika."

"Na mimi nilikuwepo, nilikaa karibu na shemeji yako. Lakini tutofautishe mambo, mzee mwenzangu. Kilichotokea nyumbani kwako kimetokea nyumbani kwako. Hapa shuleni hakijafika." Akashusha sauti, kama mtu anayempa mwenzake habari njema. "Na nikwambie tu, anaendelea vizuri."

Ilikuwa kweli. Mwisho wa muhula tuliletewa ripoti yake. Tabia: ameboreka sana, hapigi tena kelele darasani, hachezi mchezo wa kurushiana chaki. Usafi: wa kuridhisha. Maoni ya mwalimu wa darasa: aendelee hivi hivi. Akapanda darasa la tatu.

Mama yake aliisoma ripoti ile akiwa amesimama. Kisha akaenda uani kuanika nguo ambazo alikuwa ameshazianika.

*

Kila siku baada ya masomo nilisikia hodi.

"Hodi! Baba Tunu, shikamoo. Nimemrudisha."

Hidaya alisimama mlangoni na mikoba miwili, mmoja kila bega. Alisogea kando kidogo ili mwenzake apite. Kisha akangoja, maana kanuni inamtaka mwitikiaji asiondoke mpaka mzazi athibitishe.

Siku ya kwanza nilibaki nimeshika mlango. Hidaya akaninong'oneza, kama anayemsaidia mwenzake mtihani: "Sema 'ameingia'."

"Ameingia," nikasema.

"Haya, kwaheri."

Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu stendi. Nilizoea kufunga jua likizama. Nikaanza kufunga mapema, kwanza nikisema kichwa kinaniuma, halafu nikaacha kutoa sababu. Nilikaa kwenye kigoda ndani ya mlango na kusikiliza. Hatua za watoto nilizijua: wanaokimbia, wanaoburuta ndala, wanaopiga kopo teke. Za Hidaya zilikuwa nzito upande mmoja, kwa sababu mkoba wa Tunu ulikuwa na vitabu zaidi. Nilipozisikia, moyo wangu ulipiga kama zamani. Nilimwekea kashata. Nilimuuliza, "Leo amefanya nini?"

"Amesoma shairi. Amekosea mstari wa pili, akacheka."

Tunu kweli alikuwa akikosea akicheka. Sikujua kama Hidaya aliyasema hayo kwa kanuni au kwa huruma, na sikumuuliza, kwa sababu nilitaka aendelee.

Siku moja mama Tunu alinikuta pale kwenye kigoda.

"Unamfanya nini yule mtoto wa watu?"

"Si mimi. Ni kanuni."

"Mlango huu ni wa kanuni au ni wako?"

Nilichungulia njiani. Akaingia ndani. Nami nikaendelea kukaa, maana zilikuwa zimebaki dakika chache tu hodi isikike.

*

Bi Mwanahawa alikuja Ijumaa moja baada ya swala. Alikataa kiti, akaketi mkekani.

"Baba Tunu, nimekuja kwa adabu zangu."

"Karibu, mama."

"Mjukuu wangu anaandika kwa mikono miwili. Wa kulia kazi yake, wa kushoto kazi ya Tunu, maana mwalimu hataki miandiko ifanane. Mwanzo wenzake walimwonea wivu, vikombe viwili vya uji! Sasa anatapika. Mchezo wa kamba hachezi, akiruka yake lazima aruke na ya mwenzake, na wenzake hawangoji. Akikosa hesabu anachapwa, halafu anachapwa za Tunu. Juzi mwenyewe alipata zote. Tunu akakosa mbili."

"Tunu hakosi hesabu," nilisema. "Tunu ni hodari wa hesabu."

Bi Mwanahawa alinitazama.

"Baba, katika yote niliyosema, umesikia hilo?"

Niliinama. Pembeni mwa mkeka kulikuwa na siafu mmoja anayetafuta njia ya kutokea, nikamwangalia huyo.

"Nimemuuliza Mwalimu Mkuu nini kifanyike," aliendelea. "Kasema mzazi wa mtoto peke yake ndiye anayeweza kusema hayupo. Kwa mdomo wake, mbele ya wazazi wenzake, Siku ya Kuwatambulisha Wazazi Shule. Mimi ni bibi wa anayeitika tu. Mimi sina mdomo. Wewe unao."

"Nitasema, mama."

"Utasema?"

"Nitasema."

Akashukuru. Akanishukuru sana, akaniombea na dua, nami nikaitikia amina huku nikijua kwamba Siku ya Kuwatambulisha Wazazi bado iko mbali, na kwamba mpaka ifike kutakuwa na hodi nyingi.

*

Siku yenyewe ikafika. Kila mtoto anapoingia darasa la tatu wazazi hualikwa upya, kwa sababu Wizara inaamini kwamba mzazi husahau shule upesi kuliko mtoto. Mama Tunu alinipigia pasi shati jeupe. Hakusema twende wote. Alisema, "Kaseme," akanipa shati.

Mgeni rasmi alikuwa Afisa Mahudhurio wa Wilaya, Mheshimiwa Kangalawe. Mwenyewe hakuja. Alikuja mwitikiaji wake, mzee mfupi aliyevaa koti la Afisa, mikono ya koti ikiwa imemfunika mpaka vidole. Ofisi zetu zote zinaendeshwa kwa utaratibu ule ule wa shule; ndiyo maana hazifungwi. Wapo wasio na adabu wanaosema kwamba hata Waziri ana miaka hajaonekana, na kwamba anayesaini ni mwitikiaji wa mwitikiaji wake. Mimi sijui. Saini ni nzuri.

"Wazazi, karibuni mjue shule yenu!" alisema Mwalimu Mkuu. "Leo hakuna siri. Mtaona kila kitu ambacho kimefunguliwa."

Tulianza na maktaba. Tuliitazama kupitia dirishani.

"Vitabu hivi," alisema Mwalimu Mkuu, "tulikabidhiwa vikiwa vipya, na angalieni wenyewe: ni vipya mpaka leo. Shule jirani ziliruhusu wanafunzi wasome. Sasa hivi vitabu vyao vimechakaa."

Tukapiga makofi.

Tukaenda kwenye bomba. Mwalimu wa zamu alilifungua, maji yakatoka, tukapiga makofi, akalifunga na kutia kufuli. Mama Zamoyoni, mama mnene anayeuza dagaa sokoni, alipaza sauti:

"Mwalimu, samahani. Haya maji ni ya kunywa au ya kutambulishwa?"

"Swali zuri sana, mama. Yanatambulishwa kwanza."

"Basi yaambieni nimefurahi kuyafahamu."

Watu wakacheka mpaka mwitikiaji wa Afisa naye akacheka, kisha akakumbuka koti alilovaa, akanyamaza.

Choo cha wasichana kilikuwa na utepe mwekundu mlangoni tangu kilipozinduliwa. Haukukatwa, kwa kuwa Afisa aliyetakiwa kuukata aliitikiwa tu, na kanuni haijaeleza wazi kama mwitikiaji anaruhusiwa kushika mkasi. Tulielezwa kwamba kwa sasa wasichana wanakwenda nyuma ya shamba la mihogo, na kwamba mihogo inastawi.

Bi Mwanahawa alitembea nyuma yangu muda wote. Hakunigusa, hakunisemesha. Nilisikia tu anavyovuta pumzi.

*

Mwisho tuliingizwa darasa la tatu kuona siku ya mwanafunzi inavyoanza. Wazazi tulijipanga ukutani. Watoto walikuwa wamekaa, wamepakwa mafuta, wanang'aa. Hidaya alikaa dawati la karibu na dirisha, peke yake, upande wake wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na mkoba wa Tunu. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimemwona kila siku mlangoni kwangu na sikuwa nimeona kwamba amekonda.

Mwalimu Sekela, mwalimu wa darasa, alianza kutaja majina. Watoto wakaitika, mmoja kwa sauti kubwa, mwingine kwa aibu. Akataja Hidaya. "Nipo," alisema Hidaya kwa sauti yake, sauti nyembamba na iliyochoka.

"Tunu!"

Hapa lazima nieleze jambo moja. Binti yangu hakuwahi kuitika kama wenzake. Aliitika kama anayeitwa akiwa jikoni na ana kitu mdomoni: alivuta neno, kisha akaongeza la kwake. Mwalimu alimkanya mara nyingi. Watoto walikuwa wakingoja jina lake ili wacheke.

"Nipooo, naja!"

Watoto wakacheka. Ilikuwa sauti yake. Si iliyofanana na yake; ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wa asubuhi kabla hajanywa chai. Niligeuka kuangalia mlango. Mtu mzima mwenye akili zangu, niligeuka kuangalia mlango.

"Umesikia, Mheshimiwa?" Mwalimu Mkuu alimwambia yule mzee wa koti. "Uitikiaji wa kiwango cha taifa."

Kisha akatugeukia, akasema yale yanayosemwa kila mwaka: "Kwa mujibu wa kanuni, nauliza. Je, yupo mzazi ambaye, kwa mdomo wake mwenyewe, ana la kusema kuhusu kuwepo kwa mwanawe?"

Hidaya alinitazama. Alikuwa ameambiwa na bibi yake. Nilijua kwa namna alivyonitazama, kama mtoto aliyeahidiwa kwamba leo watakwenda mjini.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema. Na wakati huo huo nilikuwa nahesabu: nikisema, leo jioni hakuna hodi. Nikinyamaza, leo jioni nitaisikia sauti ile tena, nikimwomba Hidaya aitoe pale mlangoni, mara moja tu, atakubali, mtoto mwema yule.

Mtu fulani akaanza kupiga makofi. Wote wakapiga. Niliangalia mikono yangu, nayo ilikuwa inapiga.

Nyuma yangu Bi Mwanahawa alisema taratibu, "Haya, mwanangu," si kwa hasira. Kama angekasirika ningelala vizuri zaidi tangu siku ile.

*

Mwitikiaji wa Afisa alikuwa amefurahi mno. Aliomba kusema machache. Akakunja mikono ya koti mpaka vidole vikaonekana.

"Wazazi, walimu, na ninyi watoto ambao mpo na mtaendelea kuwepo. Mimi, yaani Mheshimiwa, nimezunguka shule nyingi. Sijaona kipaji kama cha binti huyu. Kipaji kisilale! Darasa la pili kuna mtoto ambaye wazazi wake wamehamia machimboni. Kuna mwingine amepelekwa kuchunga. Waitikiaji wao wamedhoofika, wanaitika kama wagonjwa. Naagiza watoto hao wote wawili wakabidhiwe kwa Hidaya, kuanzia Jumatatu, pamoja na uji wao."

Makofi. Mwalimu Mkuu alipiga kuliko wote.

Hidaya hakulia. Aliweka mikono yake juu ya dawati. Akautazama wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akaangalia chini ya dawati, kama mtu anayetafuta wa tatu.

Hapo nikasema. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ushujaa, lakini nilisema kama mtu anayetapika.

"Hayupo."

Makofi yakapungua, yakaisha. Mwalimu Mkuu akatabasamu kwa shida.

"Nani hayupo, Baba Tunu?"

"Tunu. Binti yangu. Alipata homa, akafa. Nilimshusha kaburini kwa mikono yangu, na wewe ulikuwepo umekaa karibu na shemeji yangu."

"Unathibitisha utoro?" aliuliza yule mzee wa koti.

"Nathibitisha kifo."

"Kifo hakimo kwenye kanuni. Kuna kuwepo na kuna utoro."

"Basi chagua unachotaka, Mheshimiwa. Hayupo. Na huyu mtoto hamwitikii tena."

"Angalau aseme kwa adabu," alinong'ona mzazi mmoja. Mama Zamoyoni akamjibu kwa sauti ya sokoni: "Nyamaza wewe! Mtu anazika, unataka akupigie magoti?"

Wakubwa walitoka nje kushauriana. Tuliwaona kupitia dirishani wakionyeshana vidole kuelekea kwenye bendera. Ndani Hidaya alikuwa ameutoa mkoba wa Tunu upande wa kushoto wa dawati na kuuweka juu, akiukung'uta vumbi la chaki. Halafu akaja, akanipa. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

"Samahani, Baba Tunu," alisema. "Zile hesabu mbili nilikosa mimi. Yeye angepata."

Niliuvaa mkoba begani, kama yeye alivyokuwa akiuvaa.

*

Uamuzi ulisomwa na mzee wa koti, mikono ikiwa imeshuka tena. Kwa kuwa taifa halina utoro. Na kwa kuwa nafasi katika dawati imeachwa wazi kwa tamko la mzazi. Na kwa kuwa haiwezekani nafasi iwe wazi. Basi aliyeifanya iwe wazi ataijaza yeye mwenyewe, mpaka nafasi hiyo itakapomaliza darasa la saba.

Wazazi walipiga makofi, ila safari hii kwa uchache.

Nilipomwambia mama Tunu, aliuchukua mkoba, akatoa vitabu kimoja kimoja na kuvipanga kitandani. Akatoa kifutio kilichotafunwa pembeni, akakishika ndani ya kiganja. Alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu matanga, akimwita kwa jina, nami nilikaa karibu naye. Jioni ile hodi haikuja. Nilijikuta nimekaa tena kwenye kigoda, nasikiliza. Aliponiona, alinyanyua kigoda nikiwa bado nimekikalia nusu, akakipeleka jikoni.

Nimejiuliza mara nyingi: kama yule mzee wa koti asingewaongeza wale watoto wawili, ningesema? Jibu ninalo na silipendi. Ningepiga makofi, ningerudi nyumbani na kununua kashata.

Kibanda cha simu anakaa shemeji yangu mpaka nitoke shule. Bi Mwanahawa tukikutana ananisalimia, nami namwamkia, na hatuongezi neno. Magoti yangu hayaingii vizuri chini ya dawati. Hidaya huniambia, "Baba, sogea, umeingia kwangu," nami husogea. Huandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto hushikia daftari. Wale wawili wa darasa la pili walirudishwa kwa waitikiaji wao wa zamani, na kwa hao sijafanya lolote.

Darasa letu hutoka baada ya kengele ya mwisho. Hidaya hukimbia na wenzake kwenda kuruka kamba, na mimi hubaki nikifagia, kwa kuwa wiki hii ni zamu ya dawati letu.